Raspberry Pi kwenye joto la Dar: uiache uchi, ubandike hitisinki, au uweke feni kabisa?

Wakuu, hili swali linarudi kila mtu akinunua bodi mpya, kwamba hizi kompyuta ndogo za bodi moja zinahitaji kweli hitisinki, yaani kile kipande cha chuma chenye mapezi kinachotoa joto kwenye chipu, au ni urembo tu tunauziwa. Jibu fupi kwa wenye haraka: Pi Zero usihangaike, Pi 3 inategemea unaifanyisha nini, Pi 4 kwa hapa Dar weka kitu, na Pi 5 usibishane na mtu, nunua feni siku hiyo hiyo unayonunua bodi. Ila hilo jibu lina tundu. Watu wawili wenye Pi 4 zinazofanana kabisa, mmoja yuko ofisini Posta AC inapuliza kutwa nzima, mwingine kaifunga nyuma ya tivi kwenye chumba cha mabati kisicho na dari Mbagala, hawa hawana tatizo moja na ushauri wao hauwezi kuwa mmoja.

Kitu ambacho video nyingi za wenzetu wa Ulaya hazikwambii, kwasababu kwao sio ishu, ni kwamba joto la chipu linahesabiwa kuanzia kwenye joto la hewa iliyoizunguka. Jamaa yuko Uingereza, chumba chake kina nyuzi 20, bodi inasoma 60, anakwambia iko poa huhitaji kitu. Chukua bodi ile ile na kazi ile ile, iweke Sinza mwezi wa pili saa nane mchana chumba kikiwa na nyuzi 33, itakusomea kama 73 hivi. Chipu haijafanya kazi zaidi, inapanda nyuzi 40 zile zile juu ya hewa, ila hewa yenyewe imeanzia juu. Na hapo hujaifunga kwenye kasha bado. Ndio maana kwenye makundi watu wanabishana mpaka wanatukanana, huyu anasema yake inakaa mwaka mzima bila hitisinki na haina shida, yule anasema yake inachemka, na wote wanasema kweli.

Sasa namba za kukumbuka ni mbili, 80 na 85. Pi nyingi zikigusa nyuzi 80 zinaanza kujipunguzia spidi zenyewe, zikifika 85 zinajibana zaidi. Haiungui, naomba hili lieleweke, maana kuna watu wanauziwa hitisinki kwa kutishwa kwamba bodi italipuka. Bodi inajilinda. Unachopoteza ni spidi, ile uliyolipia hela, na mara nyingi unaipoteza mchana tu, jioni kukipoa inarudi, kwahiyo unabaki unalaumu intaneti. Pi 3B+ ya mwaka 2018 ina kituko chake, yenyewe ina mpaka wa ziada kwenye nyuzi 60, ikigusa hapo spidi inashuka kutoka 1.4 GHz kwenda 1.2. Sasa jiulize mwenyewe, kwa Dar hii, 3B+ iliyoachwa uchi na inafanya kazi kidogo tu, itakaa chini ya 60 saa ngapi? Alfajiri labda. Umenunua 1.4 unatumia 1.2.

Kabla hujatoa hata shilingi, pima. Kwenye Raspberry Pi unaandika `vcgencmd measure_temp` inakupa joto, halafu `vcgencmd get_throttled` inakwambia kama bodi ilishabanwa tangu uiwashe. Ikijibu 0x0 basi hakuna kilichotokea, achana na hitisinki endelea na mishe zako. Ikijibu 0x80000 au 0xe0000 hilo ni joto. Ukikuta 0x50000 hapo hitisinki haikusaidii kitu hata uweke kilo nzima ya shaba, huo ni umeme umeshuka, yaani chaja au waya. Na kwa uzoefu wangu hii ya umeme ndio imejaa zaidi mtaani kuliko ya joto. Mtu anachukua chaja ya simu na waya mwembamba mrefu wa mita mbili, Pi 4 inataka adapta ya ampea 3, Pi 5 inataka ya ampea 5, umeme ukishuka chini ya volti 4.63 bodi inalalamika na kujibana, yeye anakimbilia kununua feni, na feni nayo inakula umeme huo huo kwahiyo hali inazidi kuwa mbaya. Kwa bodi nyingine kama Orange Pi hiyo amri ya vcgencmd haipo, tumia `cat /sys/class/thermal/thermal_zone0/temp`, namba itakayotoka gawanya kwa 1000. Pima mchana wa jua kali kazi yako ikiwa inaendelea, usipime saa nne usiku feni ya juu inazunguka halafu ukaja kusema bodi yako ni baridi.

Uchi au vihitisinki vya kubandika

Bodi uchi sio jambo la ajabu. Pi ya kwanza kabisa ya mwaka 2012 ilikuwa na kori moja (kiini kimoja cha prosesa) ya 700 MHz, haikuhitaji chochote na hata ukiibandika leo ni kama umeivalisha tai. Pi Zero W nayo ni hivyo hivyo, kazi zake ni ndogo na moto wake ni mdogo. Tena bodi yenyewe ni hitisinki, ndani yake kuna tabaka za shaba zinazobeba joto kutoka chini ya chipu na kulisambaza kwenye ubao mzima, ndio maana ukishika Pi iliyowaka muda mrefu unakuta hata upande wa USB una uvuguvugu.

Vile vya kubandika vinakuja vitatu kwenye kipakiti, kikubwa cha prosesa, cha kati cha ramu, na kadogo ka chipu ya USB. Kwenye Pi 4 vinasaidia, ila usitegemee maajabu, vinashusha nyuzi chache na zaidi vinachelewesha tu. Yaani bodi uchi ukiipigisha kazi kori zote nne inagonga 80 ndani ya dakika chache, yenye vihitisinki inachukua muda zaidi kufika kule kule. Kama kazi zako ni za vipande vipande, fungua tovuti, funga, fungua faili, subiri, basi huo ucheleweshaji unakutosha kabisa maana kazi inaisha kabla joto halijafika. Kama ni kazi ya mfululizo, kubadilisha video au kuangalia kamera nne mchana kutwa, ucheleweshaji ukiisha umeisha.

Wauzaji watakwambia chukua ya shaba sio aluminiamu. Kweli shaba inapitisha joto karibu mara mbili ya aluminiamu, ila kwa kitu cha ukubwa wa kucha ya dole gumba tatizo haliko kwenye chuma, liko kwenye hewa. Joto likishafika kwenye mapezi linasubiri hewa ilibebe, na hewa ya ndani ya kasha lililofungwa haiendi popote. Tofauti hutaiona. Chukua ya bei rahisi.

Kinachoamua ni gundi. Hapa ndipo watu wanaharibu, wanatoa tu karatasi wanabandika juu ya chipu yenye mafuta ya vidole. Chukua kitambaa kisicho na nyuzinyuzi, weka spiriti kidogo, futa juu ya chipu mpaka ing'ae na yale maandishi yasomeke vizuri, acha ikauke, toa karatasi ya kwenye gundi bila kugusa gundi yenyewe, weka hitisinki ikiwa imenyooka halafu bonyeza kama nusu dakika bila kuchezesha. Usitumie supa gluu. Haipitishi joto vizuri na siku ukitaka kuitoa unang'oa na chipu. Na kama unapanga kuifunga bodi ukutani imesimama au imegeuzwa chini juu, fikiria mara mbili kuhusu hivi vya gundi, kwa joto letu gundi ya bei poa inalainika, kihitisinki kinateleza taratibu, kikidondokea kwenye zile pini 40 za pembeni ni chuma juu ya umeme, unaweza kuua bodi kwa kitu ulichonunua kuilinda.

Kwahiyo uchi dhidi ya kubandika: Zero na Pi 1 acha uchi, Pi 3 bandika hasa 3B+, Pi 4 bandika kama huna hela ya kitu kingine. Na kama unachagua kati ya kihitisinki kidogo bila feni na kifeni kidogo bila hitisinki, kwa Pi 4 kifeni kinashinda, hata kipulize kwa upole, kwasababu kinatatua ile shida ya hewa isiyotembea.

Kasha la aluminiamu

Hii ndio chaguo langu kwa Pi 4 hapa mjini na sioni aibu kuegemea upande. Ni kasha zima la chuma, ndani lina kinguzo kinachogusa prosesa kupitia kipedi laini, kwahiyo kasha lote linakuwa hitisinki. Likipata moto mkononi usiogope, hiyo ndio kazi yake, joto limetoka kwenye chipu limekuja nje. Kama kasha liko baridi na chipu inasoma 78 hapo ndio uogope, maana yake kile kinguzo hakigusi vizuri au ulisahau kutoa nailoni ya kwenye pedi.

Ushahidi kwamba njia hii inafanya kazi wametoa wenyewe watengenezaji. Pi 400, ile ya mwaka 2020 iliyo ndani ya kibodi, ina familia ile ile ya chipu ya Pi 4, tena inakwenda 1.8 GHz wakati Pi 4 ilitoka na 1.5, na haina feni kabisa, ina bati pana la chuma limetandazwa chini ya vitufe. Chuma kipana bila feni kinatosha kwa chipu hii. Ila lile kasha rasmi la plastiki la Pi 4, jekundu na jeupe, halina matundu ya maana, na baadaye wakaja kutoa kifeni cha kuweka ndani yake, jazia mwenyewe.

Kuna mama mmoja ana saluni Sinza, nilimwekea Pi 4 nyuma ya tivi inazungusha picha za mitindo na video. Kasha lilikuwa la plastiki lililofungwa, tivi yenyewe inatoa joto, madraya yanawaka, mlango wa kioo unapigwa na jua la mchana. Nikapita siku moja, kabla hata sijamaliza shikamoo akaniwahi, "Marahaba mwanangu, hii tivi yako asubuhi inacheza vizuri, ikifika mchana inakwamakwama wateja wananicheka." Kupima, 82. Nikatoa mfuniko tu wa kasha, ikaanza kushuka, ikatulia kwenye sabini na kitu. Nikaihamisha kutoka nyuma ya tivi nikaishikiza chini yake kwenye ukingo wa meza ikiwa imesimama, ikashuka tena. Kasha la aluminiamu lilipokuja ikawa inacheza kwenye sitini na kidogo hata madraya yote yakiwaka. Angalia hapo, robo tatu ya kazi ilifanywa na kuhamisha na kufungua mfuniko, bure kabisa. Bodi ikisimama wima hewa ya moto inapanda pande zote mbili, ikilala kifudifudi juu ya meza upande wa chini unajibana.

Ubaya wa chuma ni mmoja mkubwa, waifai. Antena ya Pi iko kwenye bodi yenyewe, ukiizungushia aluminiamu mawimbi yanapungua. Kama ruta iko chumba hicho hicho hutajali, kama iko nyumba ya mbele na wewe uko uani utajali sana. Chomeka waya wa netiweki, au tafuta kasha lenye upande wa plastiki pale kwenye antena, au lile la bati mbili, juu na chini, pembeni wazi. Hilo la bati mbili vumbi litaingia ila halina cha kuharibu humo.

Feni

Kwa Pi 5 mjadala ni mfupi. Chipu ni 2.4 GHz, ina nguvu, inachemka. Watengenezaji walisema inaweza kukaa bila feni kwa matumizi ya kawaida ikiwa haina kasha, sawa, ila kawaida ya Cambridge, kwao Uingereza, sio kawaida ya Buguruni. Walitoa kipoozaji chake rasmi kinaitwa Active Cooler, kwao kilianza kwa dola 5, hapa utaongezewa ya ndege na ya dukani, bado ni hela ndogo ukilinganisha na bodi. Ni bamba la aluminiamu lenye feni, linashikwa na pini mbili zenye springi kwenye matundu ya bodi, hakuna gundi ya kuteleza, na linafunika pia chipu inayosimamia umeme. Feni inaongozwa na bodi yenyewe: inaanza taratibu kwenye nyuzi 50, inaongeza kwenye 60, tena kwenye 67.5, na 75 inapiga mpaka mwisho. Kwa hewa yetu ya nyuzi 32 tegemea itazunguka karibu muda wote, Ulaya inazimika huku haizimiki, kwahiyo kama ni ya kuweka chumbani unapolala jaribu kwanza kuisikiliza.

Kwa Pi 4 feni ni anasa yenye masharti. Vumbi la barabara zisizo na lami, Goba huko, Kivule, Chanika, linaingia kwenye feni ndogo na kuganda kwenye vipanga kama ufuta, inaanza kuimba, kisha inakwama. Ukiwa pwani kabisa, Kigamboni au Msasani, chumvi nayo inakula vyuma vidogo. Dawa ni brashi laini ya rangi kila baada ya muda, na kushikilia kipanga kwa kidole wakati unapuliza ili feni isizunguke ovyo. Na ukinunua feni nunua yenye aluminiamu chini yake, siku feni ikifa chuma kinabaki kinakusaidia, feni tupu ikifa umebaki uchi. Kitu kingine, wanaoendesha bodi kwa pawabenki umeme ukikatika, feni inapunguza muda wa chaji, sio sana ila Pi 4 yenyewe inakula kama wati 3 ikiwa imetulia, kwahiyo hata nusu wati inaonekana.

Bodi za kampuni nyingine

Nitapita haraka. Orange Pi zile ndogo za chipu ya Allwinner H3 ni rahisi na zinapata moto kuliko sura yake inavyoonyesha, bandika hitisinki bila kufikiri. Orange Pi 5 ina kori nane, ichukulie kama Pi 5, feni. ODROID-XU4 inakuja na feni kutoka kiwandani, ODROID-N2 inakalia bonge la chuma chini yake. Ukiona mtengenezaji mwenyewe kaifunga chuma kikubwa hivyo, na yeye anauza kwa ushindani wa bei, ujue hakuweka kwa mapambo.

Kwa kazi gani uchague nini

Kuzuia matangazo kwenye netiweki ya nyumbani na Pi-hole: uchi, hata Zero inatosha, kazi yenyewe haina jasho. Tivi ya sebuleni, filamu na mpira: Pi 4 na kasha la aluminiamu, kimya na hakuna cha kusafisha. Kibanda umiza au banda la gemu ambapo inapigwa kutwa na vijana na hewa ya humo mnaijua wenyewe: Pi 4 kwenye aluminiamu kama una mahali inapopata upepo, kama imefungiwa kwenye kabati la mbao lenye kufuli basi feni, na toboa kabati matundu chini na juu, la sivyo feni inazungusha joto lile lile. Seva ndogo ya shule yenye masomo ya kusoma bila bando, wanafunzi arobaini wanaingia kwa mpigo: Pi 5 na Active Cooler, na ukiongeza diski ya NVMe, zile ndogo za kasi, kumbuka nayo inachemka, ile M.2 HAT+ rasmi, ubao mdogo wa kushikia hiyo diski, imetengenezwa ikae juu ya hicho kipoozaji kwahiyo havigombani.

Kamera za nje ni kesi ya peke yake. Pi 4 na Pi 5 zimepimwa kufanya kazi hewa ikiwa nyuzi 0 mpaka 50, na boksi la chuma lililofungwa likipigwa na jua la Dar ndani linaweza kupita hapo hata bodi ikiwa haifanyi kitu. Hitisinki ndani ya boksi lililozibwa inapasha tu hewa ya humo. Hapo unaunganisha chipu na ukuta wa boksi kwa kipande cha aluminiamu na pedi ili joto litoke nje kupitia ukuta, unalipaka rangi nyeupe, unaliweka upande wa kivuli.

Ukienda Kariakoo kununua nenda na bodi yako mfukoni. Kasha la Pi 3 haliingii Pi 4, la Pi 4 haliingii Pi 5 kwasababu soketi ya netiweki na za USB zimebadilishana nafasi, na Active Cooler haikai kwenye Pi 4 maana haina yale matundu mawili. Muuzaji atakwambia zote sawa bosi wangu. Ijaribishie pale pale kaunta, angalia kama kinguzo cha ndani kinaangukia juu ya prosesa, sio pembeni yake, halafu ndio utoe hela.